Kanisa la Mkunazini na Madirisha Yetu

Kamati ya ujenzi ya kanisa letu ilipoleta ramani nyumbani kwangu, niliivalia miwani na kushika kalamu nyekundu, kama nilivyozoea kufanya kwa zaidi ya miaka thelathini nilipokuwa nikisahihisha kazi za wanachuo. Mstaafu hupewa kazi za namna hii. Watu hudhani kwamba kwa kuwa uliwahi kuwa mkuu wa chuo cha ualimu, basi unajua kila kitu kilichochorwa juu ya karatasi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na historia. Ramani ya nyumba naisoma kwa kuikodolea macho. Lakini jambo moja niliweza kuliona bila msaada wa mtu. Madirisha yote kumi na manne yalikuwa membamba, marefu, yenye ncha juu, kama viganja viwili vya mtu anayesali.

"Tumetaka lifanane na Mkunazini, Mwalimu," alisema katibu wa kamati.

Nilimwuliza kama amewahi kufika Mkunazini. Akasema ameliona kwenye picha.

Sisi tunakaa upande wa Kunduchi, pembezoni mwa Kinondoni, mahali ambapo kila mtu ama anajenga, ama anasubiri fedha za kujengea. Kanisa tulilokuwa tukikusudia lilikuwa la tofali za saruji za inchi sita, kenchi za mbao na paa la bati. Sikuiandika ramani ile neno lolote siku hiyo. Niliomba wiki mbili, nikapanda boti kwenda Unguja.

Kwa msomaji asiyelijua, Kanisa Kuu la Kristo liko Mkunazini katika Mji Mkongwe, mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa. Waliojenga ni wamisionari wa Kianglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ile iliyochipuka kutokana na hotuba ya Livingstone kule Cambridge mwaka 1857. Msanifu alikuwa Mwingereza, C. F. Hayward, lakini mtu aliyelibeba jengo hilo moyoni tangu mwanzo ni Edward Steere, aliyewekwa kuwa askofu mwaka 1874. Ibada ya kwanza ilifanyika humo Krismasi ya mwaka 1877. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare. Tukumbuke pia kwamba hali ya utumwa haikufutwa kisheria Unguja mpaka mwaka 1897. Maana yake kuta zile zilipanda huku mitaa ya jirani ikiwa bado na watu waliomilikiwa na watu.

Wageni wengi huenda pale kwa ajili ya historia hiyo, na ni haki yao. Husimama mbele ya altare na kutazama duara la marumaru nyeupe sakafuni, mahali ambapo husimuliwa kuwa ndipo mti wa kuchapia watumwa uliposimama. Huoneshwa msalaba uliochongwa kwa mbao za mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone kule kwa Chitambo. Hutoka nje kutazama sanamu za Clara Sörnäs, watu wa mawe waliofungwa minyororo ndani ya shimo. Hayo yameandikwa sana. Mimi safari hii nilikwenda kutazama kuta, paa na madirisha, maana ndiyo kamati yetu ilitaka kuyakopa.

Nianze na nje, ambako sina budi kusema wazi kuwa sivutiwi sana. Jengo linataka kuwa mambo mengi kwa wakati mmoja. Kuna ncha za Kizungu, kuna urembo unaokumbusha majumba ya Waarabu, na kuna mnara wa saa ambao husimuliwa kwamba Barghash aliutolea saa yake kwa sharti kwamba usipite urefu wa jumba lake la Beit al Ajaib. Ukweli wa hadithi hiyo siutetei, lakini inalingana na sura ya jengo: ni jengo lililofanya mapatano. Ukilitazama kutoka njiani unaona mapatano hayo yakiwa bado yanajadiliwa.

Ingia ndani, maneno yanaisha. Juu yako hakuna kenchi, hakuna boriti, hakuna dari ya mbao. Kuna paa moja la zege lililopinda kutoka ukuta hadi ukuta, kama pipa lililopasuliwa kwa urefu na kufudikizwa. Limetengenezwa kwa saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Saruji ilikuwa kitu kigeni kabisa pwani hii wakati huo, na kulimwaga paa la namna ile juu ya vichwa vya watu kulihitaji moyo. Limesimama kwa zaidi ya miaka mia moja na arobaini. Lilipata ukarabati mkubwa katikati ya miaka ya 2010 kwa msaada wa World Monuments Fund, lakini umbo ni lile lile. Niliketi benchi la katikati karibu saa nzima. Nje palikuwa na jua la kuchoma. Ndani palikuwa na kivuli kizito, karibu kama cha chini ya mwembe mkubwa.

Sasa, hapa ndipo hapana budi tujiulize maana ya neno Gothiki, ambalo wengi hulitumia kwa dirisha lolote lenye ncha. Mtindo huo wa Zama za Kati ulianza Ufaransa katika karne ya 12. Kanisa la Saint-Denis karibu na Paris, ambalo Abati Suger alilijengea upande mpya wa altare kati ya mwaka 1140 na 1144, hutajwa kuwa ndilo lililoanza. Ulikuwa ni mtindo wa watu waliokuwa na njaa ya mwanga. Waashi wao waligundua kwamba wakiukusanya uzito wa paa katika mbavu za mawe, wakaushusha kwenye nguzo, na nguzo hizo wakazishikiza kwa nje kwa mihimili ya mawe, basi ukuta katikati ya nguzo hauna tena kazi ya kubeba. Wanaweza kuutoa na kuweka kioo. Ndiyo maana makanisa yao makubwa yanafanana na mifupa iliyovishwa vioo vya rangi. Kila mwale wa jua ulikuwa wa thamani katika nchi ambayo jua lenyewe huwa adimu nusu ya mwaka.

Mkunazini haikufanya hivyo hata kidogo. Pale ukuta ndio unaobeba kila kitu. Ni mnene, ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, na umetobolewa kwa uangalifu wa mtu anayeogopa kumwaga maji. Madirisha yana ncha, ndiyo, lakini ni membamba kwa sababu tofauti kabisa na ile ya Wafaransa. Hayakuja kuingiza jua, yamekuja kulipunguza. Mwanga unaoingia hupita kwanza katika unene wa ukuta, ukafika sakafuni ukiwa umepoa. Kwa hiyo Gothiki ya Mkunazini iko machoni, haiko mifupani. Mtaalamu anaweza kuona kwamba hiyo ni dosari. Mimi nasema ndiyo sifa kuu ya jengo, na laiti wajenzi wangekuwa waaminifu zaidi kwa Zama za Kati, waumini wangepikwa kama mikate.

Hili linanikumbusha kazi nyingine ya Steere, ambayo sisi walimu wa Kiswahili tunaijua kuliko makanisa yake. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha mwongozo wa Kiswahili, na mwaka huohuo mkusanyo wa hadithi za Waswahili alizozisikia Unguja. Ni mtu aliyekubali kuketi kitako na kusikiliza wenyeji wakisimulia, akaandika jinsi walivyosema. Si kila mgeni wa wakati ule aliona haja hiyo. Nalisoma jengo lake kwa njia hiyohiyo: msamiati wake mwingi ni wa kukopa, ila sarufi yake ni ya hapa. Ukuta mnene, jiwe la matumbawe, chokaa, tundu dogo la mwanga, kivuli. Hiyo ndiyo sarufi ya nyumba zote za Mji Mkongwe.

Na huo msamiati wenyewe, umekopwa kutoka kwa nani? Tao lenye ncha lilikuwa linafahamika katika nchi za Kiislamu zamani kabla ya Suger. Msikiti wa Ibn Tulun kule Cairo, wa karne ya 9, umejaa matao ya namna hiyo. Na pwani yetu hatukungoja mmisionari atuletee. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulikuwa na matao na makuba ya matumbawe muda mrefu kabla ya meli ya kwanza ya Mreno. Mimi mwenyewe nikitaka kuona kazi ya waashi wa zamani sihitaji kuvuka bahari. Magofu ya Kunduchi hayako mbali na kwangu. Pana mabaki ya msikiti wa karne kadhaa zilizopita na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa bakuli za Kichina. Watoto wa mtaani hupita hapo wakienda ufukweni bila kugeuza shingo. Nilifundisha historia maisha yangu yote, na sikumbuki hata mara moja kuwapeleka wanachuo Kunduchi. Niliwapeleka Mkunazini.

Safari moja ya namna hiyo bado inanisumbua, nami nitaisimulia kwa kuwa inahusu kitu ambacho kila mgeni wa kanisa lile huoneshwa. Upande wa magharibi, nyuma ya kanisa, kuna nguzo za marumaru zilizosimamishwa kichwa chini, miguu juu. Inasimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha hivyo askofu alipokuwa hayupo, na aliporudi akaziacha.

Mwaka 1986 nilikuwa mkufunzi kijana, nimevaa suruali iliyopigwa pasi, na ninapenda sana kusikilizwa. Niliwasimulia wanachuo kisa hicho mbele ya zile nguzo kwa madoido yote. Nilimwigiza fundi akikuna kichwa, nikamwigiza askofu akishika kiuno. Kundi zima lilicheka, isipokuwa mwanachuo mmoja, kijana wa Temeke, ambaye baba yake alikuwa mwashi. Jioni tukiwa melini tunarudi alinijia pembeni.

"Samahani, Mwalimu. Baba yangu hajui kusoma ramani. Huwa anaoneshwa kwa kidole, halafu anafanya. Wale waashi wa kanisani, nani aliwaonesha?"

Nilimjibu kwamba hilo halikuwa somo la siku ile. Alisema "Sawa, Mwalimu," akarudi kwa wenzake. Naye alikuwa akisomea ualimu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfundisha jinsi ya kuwajibu watoto wanapouliza! Kilicho kibaya zaidi ni kwamba mwaka uliofuata nilikisimulia tena kisa kile kwa kundi jingine, na uliofuata pia, kwa madoido yaleyale. Kilikuwa kinachekesha, nami nilipenda kicheko.

Safari hii nilikuta mtembezaji wa wageni akikisimulia kwa kundi la watalii. Wakacheka palepale ambapo wanachuo wangu walicheka. Walipoondoka nikazikaribia nguzo. Nilizitazama kama mtu anayesahihisha karatasi aliyoipa sifuri zamani na sasa anaanza kutilia shaka alama zake. Zimesimama wima. Kazi ya kuunganisha imefanywa kwa mikono iliyojua inachofanya. Walichokosa mafundi wale ni habari moja tu: ipi ni juu na ipi ni chini. Habari hiyo haimo ndani ya jiwe. Imo katika desturi ya Wagiriki na Warumi, na mtu asiyeambiwa hana njia ya kuijua. Mtu aliyekua chini ya minazi anajua kwamba kitu kinachosimama hupanuka shinani na kukonda kinapopanda. Labda ndivyo walivyofikiri, labda sivyo. Hakuna aliyewauliza na kuandika jibu lao. Wengi husema walikuwa watumwa waliopata uhuru. Kama ni hivyo, ni watu waliojenga mahali palepale ambapo watu kama wao waliuzwa, na alama pekee waliyoacha ambayo wageni hukumbuka ni kosa.

Mimi sasa naziona nguzo hizo kuwa miongoni mwa vitu vizuri katika jengo lile. Sisemi kwa kuwahurumia mafundi. Sehemu nyingine zote za kanisa zinakuambia mchoraji alitaka nini. Hapo peke yake unamwona mtu mwingine, aliyefikiri kwa akili yake na kufanya. Na nikiwa mwalimu naongeza jambo moja. Mwalimu akitoka darasani bila kuacha maelekezo, akarudi na kukuta kazi imefanywa kinyume, kalamu nyekundu aielekeze kwanza kwake mwenyewe. Steere, kama kisa ni cha kweli, huenda alilijua hilo kuliko mimi, kwa kuwa hakuzing'oa.

Nilirudi Kunduchi na mambo mawili ya kuiambia kamati.

La kwanza lilihusu unene. Dirisha jembamba lenye ncha ni mtoto wa ukuta mnene. Ukilitoa kwa mama yake na kulipachika kwenye ukuta wa tofali za inchi sita, linabaki sura tu. Ukuta mwembamba hauwezi kupoza kitu. Unashika joto saa nne asubuhi na kuwarudishia waumini kuanzia mahubiri hadi matangazo. Juu yao ni bati. Kanisa la namna hiyo linahitaji madirisha mapana yanayotazamana, au tofali za matundu, upepo upite. Madirisha kumi na manne membamba yenye vioo visivyofunguka yangetufanya tununue feni kumi na nne.

La pili lilihusu tao lenyewe. Nilimwita fundi wetu, mzee mwenzangu kwa umri, anieleze angelijengaje. Alichukua misumari miwili na kamba. Akapigilia msumari mmoja kila pembe ya dirisha aliyoichora sakafuni, akafunga kamba yenye urefu sawa na upana wa dirisha, akazungusha kutoka msumari huu, kisha kutoka ule. Mistari miwili ikakutana juu na kufanya ncha safi. Hakuna bikari ya shuleni ambayo ingefanya vizuri zaidi, na hivyo ndivyo waashi wa Zama za Kati nao walivyochora. Nilifurahi mno. Halafu nikamwuliza: uzito wa ukuta wa juu utabebwa na tao?

"Hapana, Mwalimu. Juu inapita lenta moja kwa moja. Hili tao tunajazia tu vipande vya tofali, tunapiga plasta."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Huko Saint-Denis na Kilwa tao lilibeba uzito. Lilikuwa na ncha kwa sababu ncha huusukuma uzito uende chini zaidi na pembeni kidogo. Kwetu lingening'inia chini ya lenta ya nondo, halibebi kitu, likisubiri plasta ianze kupasuka. Steere alikopa umbo akalitafutia kazi ya kufanya hapa. Sisi tulitaka kumwajiri mtu na kumkalisha.

Nilisema hayo yote katika kikao, nadhani kwa urefu kupita kiasi, maana mtu mmoja alisinzia. Nikapendekeza tununue mawe ya Kunduchi, ambayo wenzetu wanayachimba na kuyaponda kokoto karibu na hapa, tujenge angalau ukuta wa altare kwa unene unaostahili. Ni matumbawe yaleyale. Saruji nayo hutoka Wazo Hill, jirani kabisa, tangu kiwanda kilipoanza mwaka 1966. Vitu viwili alivyochanganya Steere kutengeneza paa lake tunavikanyaga kila siku.

Padre alinisikiliza kwa adabu. Kisha mama mmoja, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, akaomba kusema. Alisema anaheshimu elimu ya Mwalimu, lakini yeye amesali miaka kumi na mmoja katika banda ambalo wapita njia hudhani ni ghala la mahindi. Mara mbili watu wamesimamisha gari kuulizia bei ya gunia. Anataka mtu akipita barabarani ajue kwamba pale ni kanisa, na dirisha lenye ncha litamwambia bila kibao.

Sikuwa na jibu la hoja hiyo, na mpaka leo sina. Kura zilipigwa. Yalipita madirisha kumi yenye ncha badala ya kumi na manne, yaliyopanuliwa kwa futi moja, na vioo vya kufunguka. Ukuta wa mawe haukupita, ulikuwa ghali. Fundi aliyachora matao yote kumi kwa kamba yake, na kila alipomaliza moja aliniita nije kulitazama. Ni mazuri. Katika dirisha la tatu upande wa kusini plasta imeanza kupasuka kidogo hapo juu, chini ya lenta, nami nimemwonesha katibu.

Jumapili mimi hukaa benchi la mwisho karibu na mlango, ambako upepo wa bahari hufika.